Kikombe cha Kila Asubuhi

Usiombe ulazwe chali kwa mamako ukiwa mtu mzima. Msimu mzima wa mvua nilikuwa mfungwa wa chumba cha nyuma kwetu Muthetheni, nikitazama mabati.

Mgongo ulianza kuuma tulipokuwa tukichimba matuta, kwa hivyo kila mtu alisema ni jembe. Jirani akanikanda kwa mafuta, nikapiga nduru. Homa nayo ikawa inakuja na kuondoka. Mwishowe daktari mjini Machakos akanieleza kwamba bakteria wameingia kwenye pingili za uti wa mgongo. Ugonjwa haukuwa umekomaa, bahati yangu: nimeze dawa kwa muda mrefu, nilale, nikiinuka nifunge mshipi mgumu kiunoni. Kisha akauliza kama tunakunywa maziwa yasiyochemshwa.

Ningemjibu nini? Mama yangu, mwaitu kama tunavyosema Kikamba, hukamua ng'ombe wake, akamimina maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, akayaacha yagande. Maziwa yakichemshwa, husema, yamekufa.

Sasa ona shida yangu. Kila asubuhi aliniletea kikombe kimejaa pomoni, akasimama pale pale mpaka nimeze, eti maziwa hutia mifupa nguvu. Nikiyanywa, sitapona. Nikimwambia ndiyo yaliyoniangusha, nimemvunja moyo mama wa watu, aliyetusomesha kwa ng'ombe huyo. Nikajikaza kisabuni. Nikisema nina kichefuchefu, anangoja kiishe. Nikiyamwaga dirishani, kuku wanakusanyika kunichongea. Na kutoroka, kwa mgongo upi? Nilikuwa na hasira, wacha niseme ukweli, na hakuna hasira mbaya kama ya kumkasirikia mtu anayekuosha miguu.

Asubuhi moja nikachoka. Nilisukuma kikombe kando nikamweleza yote: maneno ya daktari, homa, mfupa, na kwamba dawa yake ni kuchemsha tu. Nilingoja anikemee au alie.

Aliketi ukingoni mwa kitanda polepole, mkono kiunoni, jinsi anavyoketi siku zote. Tangu nipate akili mwaitu ameinama hivyo, na vihoma vyake visivyoisha. Sisi watoto tulikuwa tukimtania kwamba anatafuta sindano iliyoanguka. Yeye alisema ni jembe.

Alikitazama kile kikombe.

"Na huu mgongo wangu," akauliza, "huyo daktari anaweza kuuangalia?"