Mwanamke Aliyeomba Maji

Juzi niliona tena, kwenye telefone, ile filme ya Nigeria tuliyoangalia nyumbani Bunia nikiwa mutoto. Tangu hapo situlii.

Mchana ule nyumba ilinuka esansi, mafuta ya jenereta. Baba alikuwa Mongbwalu, akichimba dhahabu. Mama alikuwa akichambua maharagwe, na mama mudogo, mudogo wake wa tumbo moja, akitutafsiria Kiingereza. Kwenye filme mwanamke alimpigia magoti mudogo wake, akilia sana.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

"Iko anaomba maji."

Nilishangaa mutu kulilia maji hivyo. Nikamuletea mama kikombe, akanywa.

Juzi filme ilikuwa na maandishi ya Kifaransa. Mwanamke alisema: unirudishie bwana yangu wa ndoa.

Wiki ile tuliyoangalia filme Bunia, mama mudogo alienda Mongbwalu kumupelekea baba nguo. Hakurudi.