Jibu Alilotoa Dada Spès

Siku ya kwanza kumwona Armel akigongana na mtu uwanjani, nilisimama nikatazama huku na huku nikitafuta polisi. Watu waliokaa karibu nami walikuwa wanapiga makofi. Mtoto wa dada yangu alikuwa amemkita kijana mwenzake kifuani kwa kichwa, mlio ukatufikia hadi juu tulikokaa, na yule kijana alikuwa chali akihangaika kutafuta pumzi. Dada yangu Spès, mama mzazi wa Armel, alikuwa anacheka kwa raha.

"Kaa chini, Bertila," aliniambia. "Hiyo ndiyo kazi aliyopewa."

Sijawahi kuupenda mpira wa Kimarekani na sitajifanya hapa. Wanavaa kofia ngumu ili waweze kuumizana zaidi, basi. Armel aliupenda. Alikuwa na miaka ishirini na mabega mapana, na chuo kidogo cha hapa Marekani, upande wa DeSoto, kilikuwa kinamsomesha kwa ajili ya mabega hayo. Kazi yake ilikuwa kumwangusha yeyote aliyebeba mpira. Msimu ule wa 2018, katika mechi tatu za kwanza walishinda mbili, na katika zote tatu kulikuwa na mtu aliyetolewa uwanjani amebebwa. Mmoja mguu ulivunjika, na mimi niliusikia ukivunjika.

Spès alikuwa mjane. Aliishi Haltom City na watoto wake wawili, Armel na Raïssa wa miaka kumi na moja, na alisafisha vyumba katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa mkali, mwenye mkono mwepesi. Niliwahi kusikia alimkunja meneja wake shati mbele ya wafanyakazi wote kwa sababu alimwita mvivu. Hakumwogopa mtu, isipokuwa mtu mwenye karatasi na kalamu.

Najua hofu hiyo ilikotoka. Tulipokuwa kambi ya wakimbizi Kigoma, mama yetu aliulizwa na watu wa safari, wale waliochagua nani aletwe Marekani, kama anakohoa. Akasema kweli, anakohoa. Faili la familia nzima likasimama mwaka na nusu, na mama akafia palepale tukingoja. Tangu mazishi yale Spès aliwafundisha watoto kama alivyowafundisha sala: ukiulizwa na mwenye karatasi, wewe ni mzima. Huumwi kichwa, huumwi tumbo, unalala vizuri. Hata mimi nilijibu hivyo, na tukapanda ndege.

Mechi ya nne, Armel alipigwa goti la kichwa. Kofia ilimtoka ikabingirika. Aliinuka mwenyewe, akatikisa kichwa, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la wapinzani. Watu walicheka sana. Jumapili baada ya misa nilimkuta nyumbani kwao amefunga mapazia na kujiwekea mto usoni. Alitapika mara tatu. Alipotaka maji alimtazama Raïssa kwa muda mrefu, akakosa jina la kumwita.

"Mama, I'm good," alisema. "Usiwaambie watu wa timu. Wata-ni-bench, sitacheza."

Jumatatu simu ikalia. Alikuwa dada mmoja wa timu, anayeangalia afya ya wachezaji. Armel alikuwa amemwambia hana tatizo lolote, naye akataka kusikia kutoka kwa mtu aliyekuwa naye nyumbani. Aliuliza polepole ili Spès aelewe. Ametapika? "No." Kichwa kinamuuma? "No. He is good." Anasahausahau? "No, no. Sleep good, eat good." Spès alijibu amesimama wima, mkono mmoja ubavuni. Miguuni pangu kulikuwa na beseni la mashuka yenye matapishi ya Armel.

Alipokata simu damu ilinichemka. "Kwa nini umemdanganya? Anataka kumsaidia mtoto."

"Umemsahau mama?"

"Dada, hapa si kambini."

"Karatasi ni karatasi. Wakishaandika ni mgonjwa, nani atamtaka tena?"

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa, huko Grand Prairie. Dalili zile nimefundishwa darasani, nikafanya mtihani, nikapewa cheti. Namba ya yule dada wa timu ilikuwa pale pale kwenye simu ya Spès. Nilifua mashuka, nikaanika, nikaenda kazini.

Armel alipumzishwa mechi moja tu, kwa tahadhari. Wiki ya tatu baada ya goti lile timu ikaenda kucheza Houston, nasi tukaifuata kwa gari langu, mwendo wa saa nne. Wenyeji walikuwa wakubwa na wenye hasira. Dakika za mwanzo tu kijana wetu mmoja alikanyagwa vidole, akatoka ameukumbatia mkono huku akilia. Armel alipasuka mdomo, akatema damu, akarudi kusimama mahali pake. Kabla ya mapumziko alimfuata mbeba mpira kwa kasi yake yote, na yule mbeba mpira akainamisha kichwa. Vichwa vikakutana.

Armel alipiga goti moja. Alishika nyasi kwa mikono miwili, akajaribu kusimama, mguu ukakataa. Kisha akaanguka kifudifudi na mwili mzima ukaanza kutetemeka.

Spès aliruka uzio. Mlinzi alimshika, naye akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Walinzi wengine wawili wakamwangusha chini na kumkandamiza, naye akawa anapiga mateke na kuliita jina la mwanawe.

Hospitalini daktari alitujia na karatasi. Alisema wanataka kumfungua kichwa, na alihitaji kujua kama aliwahi kuumia wiki za karibuni.

"No," dada yangu alisema. "He is good."

"She's lying," Raïssa akasema. "He threw up. He forgot my name."

Spès alimzaba kofi lililompasua mdomo. Mtoto hakulia. Alijifuta damu kwa kiganja na kuyarudia maneno yale yale. Hapo ndipo Spès alipokaa sakafuni na kusema yote, goti, matapishi, mapazia, nami nikawa natafsiri. Daktari aliacha kuandika kabla hatujamaliza. Alisema pigo la pili ndilo linaloua pale la kwanza likiwa halijapona, na kwamba wiki chache za kukaa nje zingetosha. Kisha akakimbilia chumba cha upasuaji.

Armel alifariki Jumanne, saa tano asubuhi. Timu ilimaliza msimu ikiwa na namba yake kwenye kofia zao, wakashinda mechi mbili zaidi, na watu wakasema wanamchezea yeye.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulikuwa jikoni, wageni wameondoka. Spès alikuwa anakausha sufuria.

"Wewe ndiye uliyesomea wagonjwa," alisema. "Siku ile ya simu, ulijua anaweza kufa?"

Ningesema sikujua, angeniamini. Kiingereza changu na cheti changu alikuwa akiviheshimu kupita kiasi.

"Nilijua," nikamwambia.

Alinipiga kwa sufuria begani, kisha ngumi ya mdomo, kisha nyingine. Mikono yangu niliiacha chini. Raïssa ndiye aliyetutenganisha.