Siku Mama Upendo Alipompandishia Baba Bei

Harufu ya nta ya kung'arishia magari, ikichanganyika na petroli na soseji za kuchoma, ndiyo harufu ya majira ya joto ya utoto wangu. Wenzangu walikuwa ziwani wakiogelea. Mimi nilikuwa Saint Paul, hapa Marekani, kwenye minada, nimeshikwa mkono na Baba, tukiyazunguka yale magari ya zamani ya Kimarekani, ya milango miwili na injini ya silinda nane, ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli. Likiwashwa moja tu, kifua chote kinatetemeka. Baba alikuwa nesi, mtu mpole wa Arusha anayemwomba radhi hata mgonjwa aliyemtapikia, lakini mbele ya magari yale, weee, alikuwa mtu mwingine kabisa. Hatukununua kitu. Mama alikuwa akisema macho hayana pazia, mwacheni aangalie.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, gari moja la bluu lenye mistari myeupe lilirudi mnadani. Baba alikuwa amelifuatilia kwa miaka, likipita mkono huu kwenda ule, hadi akajua lini lilibadilishwa viti. Safari hii Mama alikubali. Walipatana kiwango, na juu ya hapo, hata senti moja hapana. Mvumilivu hula mbivu, Baba akaimba nyumba nzima. Shida yake ni moja: hawezi kukaa na neno moyoni. Jumapili ile ile kanisa zima likajua.

Sasa, kanisani kwetu Watanzania tulikuwa na mnada wetu, kama nyumbani. Kule mtu huleta mayai au mkungu wa ndizi kama sadaka, vikanadiwa baada ya ibada. Huku tulileta keki, sambusa na chupa za chai. Na katika mnada wa kanisa humwachii mwenzako anunue kwa bei ya bure, ni kumwaibisha. Akitaja bei, unampandishia. Naye anapanda, watu wanashangilia, Bwana anapata chake. Bingwa wa kupandisha alikuwa Mama Upendo wa kwaya, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Bloomington.

Siku ya siku, Mama Upendo akatokea kwenye mnada wa magari na sare yake ya kazini, macho mekundu kwa zamu ya usiku. Tulidhani amekuja kutazama. Kumbe alikwisha kujiandikisha na kupewa kadi yenye namba! Gari la bluu likaingia, Baba akainua kadi, na nyuma yetu kikapasuka kigelegele. "Panda, Baba Neema! Tuko pamoja!" Kadi ya Mama Upendo ilikuwa juu. Baba akageuka, akacheka kidogo, akapanda. Naye akapanda. Mzee mmoja Mzungu mwenye kofia ya majani naye akachangamka. Nilimwona Baba akifika kwenye kile kiwango cha Mama, jasho likimtoka, na Mama Upendo akakivuka huku akicheza mabega. Baba akashusha kadi. Mzee wa kofia akaongeza, nyundo ikagonga. Angenyamaza yule mzee, sijui Mama Upendo angelipa na nini.

Akatujia mbio, uso unang'aa. "Umeona nilivyokubeba? Leo Wazungu wamekujua!"

Nilifungua mdomo nimpe yake. Baba akanibana mkono.

"Asante sana, dada," akasema. "Umenipandisha kweli."

Njiani nililalamika kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto wa huku. Nilimchukia yule mama, nasema kweli. Baba akanijibu kwa Kiswahili, "Mtu ametoka kazini, hajalala, amekuja kusimama na sisi. Utamwambiaje ametuharibia?" Kwenye taa nyekundu nikamwona anafuta macho. Mama Upendo hakuambiwa kamwe, na Baba hakujaribu tena kununua.

Siku hizi minada imo ndani ya simu. Mama Upendo alihamia Texas kwa mwanawe, usharika umepungua, na sadaka tunatuma kwa kubonyeza. Majira ya joto yaliyopita, jikoni kwangu Maple Grove, Baba akiwa amestaafu na magoti yake yanamsumbua, nilimwonyesha kwenye simu gari la bluu, pacha kabisa wa lile. Nikaweka bei yangu. Tukasubiri. Muda ukaisha, likawa letu, kwa bei ya chini ambayo sikuiota. Niliruka, nikapiga kigelegele changu kibovu.

Baba akavaa miwani, akaisogeza simu karibu.

"Tulikuwa tunashindana na nani?"

"Hakuna, Baba. Tulikuwa peke yetu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akavua miwani, akairudisha simu mezani taratibu. Furaha yangu yote ikanywea.

"Siku ile," akasema, "tulikuwa na watu."