Siku Nilipomkataa Mbuzi wa Baba Mkwe

Hapa Kakamega wapo wanaonijua kama mwalimu mtulivu, mtu wa miwani na tai, na ningependa waendelee kunijua hivyo, lakini kwa kuwa mke wangu ameshawasimulia nusu ya kanisa, heri niwaambie mwenyewe jinsi nilivyovuliwa heshima mbele ya wakwe zangu wote, na tena kwa kosa la kuwa na adabu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa kupanga chumba Shirere, nimempenda Akiru, muuguzi kutoka Turkana aliyeletwa na kazi mjini kwetu, naye akaniambia kwamba kama nina nia ya kweli twende kwao nikaonwe na baba yake, maana baba yake akimkataa mtu, amekataa, hakuna rufaa. Nikakubali papo hapo (ramani nilikuja kuitazama baadaye, nikaketi).

Tulifika Lodwar tumekuwa rangi moja na barabara, na pale sokoni ndipo akili yangu ya chuo kikuu ilipoanza kunipoteza. Kabichi moja iliyonyauka iliuzwa kwa bei ambayo kwetu ungerudi nyumbani na kapu zima. Avokado, ambazo Kakamega huanguka zikaozea chini ya mti, zilikuwa zimepangwa juu ya gunia zikiwa zimeachana, kila moja na nafasi yake, kama vito. Maji yalinunuliwa kwa mtungi, na unga, sukari, sabuni, kila kitu kilikuwa kimepanda lori kutoka Kitale kikashuka na nauli yake mgongoni. Nikajiuliza (mimi niliyesomea uchumi, msisahau): ikiwa kabichi ni hivi, mbuzi je? Jibu nilijipa mwenyewe. Sikumuuliza mtu.

Kesho yake tukafika kwao, karibu na mto Turkwel. Akiru akaingia ndani kwa mama yake, nami nikaachwa nje na baba yake, Mzee Lokwang, mtu mrefu mwenye fimbo na maneno machache, pamoja na Ekal, kaka yake Akiru, ambaye ndiye angetutafsiria. Mara akaletwa beberu mweupe, amenona mpaka anang'aa.

"Shemeji, huyu ni wako," Ekal akasema. "Mzee anasema umtazame. Ukiridhika, achinjwe."

Sasa, kwetu Waluhya mgeni wa heshima huchinjiwa kuku. Ingokho, kuku wetu huyo, ndiyo heshima yenyewe. Mbuzi ni wa arusi na matanga. Nikaona mzee wa watu anajifilisi kwa ajili yangu, moyo ukaniuma, nikaweka mkono kifuani.

"Mwambie Mzee asijisumbue. Hata kuku mmoja tu atanitosha."

"Kuku?"

"Kuku tu."

"Una hakika, shemeji?"

"Hata akiwa mdogo."

Ekal akatafsiri. Mzee akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akamtazama tena mbuzi kama anayemwomba radhi, kisha akainuka, akashika njia. Nilidhani anazunguka nyuma ya nyumba. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mtu yeyote mwenye macho angeliona mapema: boma lile halikuwa na kuku hata wa dawa. Kwa wazee wa pale kuku alikuwa ndege kama ndege wengine, si kitu cha kuliwa. Lakini hilo lilikuwa ombi la kwanza la mchumba wa binti yake, na Mzee Lokwang hakuwa mtu wa kushindwa na ombi. Ekal akamfuata, nikamfuata Ekal, majirani wakanifuata mimi, na watoto wakaanza kuimba.

Tukaishia shule ya msingi iliyokuwa hapo jirani, kwa Mwalimu Makokha, mwenyeji wa Butere, ambaye ndiye peke yake aliyefuga jogoo.

"Jogoo yangu?" akapiga kelele. "Huyu ndiye ananiamshanga niende kazi! Ni nani anamtaka?" Ekal akaninyooshea kidole, akamweleza habari ya yule mbuzi. "Ni wewe, ndugu yangu? Umeletewa mbuzi mzima, ukasema kuku? Wewe! Huku mbuzi ndio kuku, na kuku ndio ng'ombe!"

Mzee akasema neno. Ekal akatafsiri kwamba anatoa mbuzi wawili kwa huyo jogoo. Makokha akafikiri kidogo.

"Basi," akasema kwa upole, "kuamka mtu anaweza kuamka mwenyewe." Akaenda kumfungua.

Nilikuwa nimemwokolea mzee mbuzi mmoja na sasa anapoteza wawili. "Ekal, mwambie nitakula mbuzi!"

"Nikimwambia hivyo ataona unamchezea. Nyamaza ule ndege wako."

Wakati huo jogoo akaponyoka. Nami nikaona nafasi ya kurudisha jina langu, maana mtoto wa Kakamega hujua kukamata kuku kabla ya kujua kusoma. Nikavua koti (ndiyo, kwa joto lile nilivaa koti), nikamkimbiza katikati ya umati mpaka bomani kwa Mzee, akapenya chini ya ua wa miiba wa zizi, nami nikajitupa nyuma yake. Jogoo akatokea upande wa pili. Mimi sikutokea. Miiba ilinishika kola, ikanishika suruali, na kila nilipojitingisha nilisikia kitambaa kikipasuka. Nje kulikuwa na vicheko, halafu sauti ya mwanamke ikitoa amri, na mikono miwili yenye nguvu ikanishika miguu, ikanivuta. Nilitoka. Suruali ikabaki.

Akiru alikuwa amesimama pale, mkono mdomoni. "Huyo," akaninong'oneza, "ni mama."

Kwetu mama mkwe hata mkono humpi. Ukimwona njiani, unaacha njia. Mimi wangu nilionana naye mara ya kwanza nikiwa na chupi.

Nilijua yameisha. Nikamwambia Akiru ukweli, kwamba nilidhani mbuzi ni ghali. Akacheka mpaka akakaa chini. "Si ungeuliza! Kwetu mbuzi ndiye kitu pekee kisichopanda lori!" Kisha akamweleza baba yake, nami nikasubiri hukumu, nimejifunika koti nililoletewa na watoto.

Mzee akauliza kitu.

"Anauliza," Ekal akasema, "yaani ulikuwa unamwonea huruma?"

"Ndiyo, Mzee."

Kicheko kilianzia mabegani, kikashuka tumboni, mpaka akaegemea fimbo. Aliposema, hata mama mkwe alicheka.

"Anasema wengine walikuja kumtaka Akiru, wakala, wakaenda zao. Wewe huwezi kwenda. Huna suruali."

Hivyo ndivyo nilivyokubaliwa. Nikafungwa shuka, beberu mweupe akachomwa, mama mkwe akachagua mbavu mwenyewe akanitumia kwa mkono wa Akiru, na Mwalimu Makokha akaja kula kwa mkono mmoja, jogoo amembana kwapani asije akatuponyoka tena.

Tangu siku hiyo nimeapa kutoihurumia mifuko ya wenyeji wangu. Mtu akiniwekea ng'ombe mzima mbele yangu, nitauliza tu kisu kiko wapi.