Kumsomesha Wifi Neno "Get"

Kaka yangu Salim alinipigia simu Riyadh, ninakosomesha Kiingereza, akanisihi niende Jeddah upesi. Mkewe, Zulmira, alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi hotelini, na neno "get" lilikuwa linamtoa jasho. Zulmira ni wa Msumbiji. Shule kasoma kwa Kireno. Tangu aolewe amekaa ndani na mama yetu, wakitazamana kutwa. Kazi hii akiikosa, kasema, anarudi kwao.

Basi liliondoka asubuhi. Nje jangwa, mapajani karatasi zangu: get ya kupokea, ya kununua, ya kufika, ya kuelewa, ya kuugua. Nilijiona fundi kweli.

Jioni nikafika kwao, mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Baada ya chakula nikamkalisha Zulmira.

"Wifi," alisema, "Kireno, kupokea kuna neno lake, kufika lake, kuelewa lake. Hawa Waingereza wana neno moja nyumba nzima, wanaazimana?"

"Usinitie wazimu. Kariri."

Akakariri, akachanganya, mwisho akalia. Nilimwonea huruma, nami nikajichukia.

Siku ya pili tulikwenda Balad, mji mkongwe wenye maduka, kumnunulia abaya ya usaili. Mwenye duka akatutilia kahawa. Mimi nimelelewa Unguja kwa bibi. Kwetu ukishamaliza unarudisha kikombe, basi. Nikarudisha, akajaza. Nikanywa kwa adabu, nikarudisha, akajaza tena. Moyo ukaanza kunienda mbio.

"Kitikise, wifi!" Zulmira alikuwa hoi kwa kicheko. "Ukikirudisha hivihivi, unaomba nyingine."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nawatazama wageni wa Mama."

Nikatikisa kikombe, kahawa ikasita. Karatasi za get nilizokuwa nazo mkononi nikazirudisha mkobani. Watalii walikuwa wanaingia, na mwenye duka akawa anawatupia Kiingereza chake: get huku kanyoosha shali, get huku anaonyesha ngazi, get huku anagonga kichwa kwa kidole. Kila mara Zulmira aliitazama mikono ya mwenye duka, kisha akaninong'oneza maana. Alipokosea tulicheka, akajaribu tena. Tulikaa pale mpaka mwenye duka akatuuliza kama tunataka kazi.

Asubuhi ya usaili nilimsubiri nje ya hoteli. Alitoka, akanivuta kando.

"Meneja kaniambia get nini sijui, wifi. Lakini macho yake yalikuwa kwa mgeni mlangoni, kalemewa na masanduku. Nikainuka nikaenda kumpokea."

"Akasemaje?"

"Kacheka. Sijui cheko gani."

Mchana nikapanda basi la kurudi. Njiani nilifungua maandazi aliyonifungia Mama, nikakuta kayafunga kwa karatasi zangu nilizoziacha mezani. Kupokea na kuugua zote zimelowa mafuta. Wala sikuudhika. Darasani kwangu sasa nitaanza na mikono, karatasi zitafuata.

Simu ikalia.

"Wifi, wamenichukua!"

Nilipiga kigelegele, basi zima likageuka. Zulmira alikuwa anacheka na kulia pamoja. Halafu, nyuma yake, nikaisikia sauti ya Mama, ya chini:

"Alhamdulillahi, mwanangu. Sasa mimi nitatazamana na nani?"