Jiwe la Kufulia

"Kaka, hata kama hapa kwetu Mtera hakujanyesha, maji yamepanda," nilimjibu. Yeye alishashika kasia, anataka tushuke na mtumbwi kwenye kijito chenye mawe mpaka bwawani, niwahi gari la Dodoma. Keshokutwa nilikuwa na usaili wa kazi kwenye kampuni binafsi.

"Kidato cha nne kimekufundisha uoga tu, mdogo wangu!" akanicheka.

Lakini jiwe tunalofulia nguo, jana lilikuwa nje ya maji, leo limezama, na maji yalikuwa yakileta majani mabichi kutoka juu mlimani, ambako bila shaka kumenyesha. Nikachomeka kijiti ukingoni. Hatujamaliza kubishana, kikafunikwa. Kaka akaweka kasia chini.

Nikaamua: kesho alfajiri jiwe likionekana, tunashuka. Lisipoonekana sisubiri, nazunguka mlimani kwa miguu mpaka kwenye gari, viatu vya usaili mkononi.