Nilimpeleka mama kuona ufukwe mpya wa Mwanza, kumbe nilizaliwa pale pale

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji tu, kuandika ni mara chache sana. Ila hili limenitokea mwenyewe mwaka huu na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Wa Mwanza mnalijua lile eneo la kando ya ziwa lililojengwa upya. Maduka, sehemu za kula, michezo ya watoto, na ile njia ndefu ya kutembea kwa miguu.

Zamani pale palikuwa mwalo. Mitumbwi inashusha samaki, akina mama wanapika, korongo wanagombania matumbo ya samaki.

Mama yangu alikuwa mmoja wa hao wapishi. Ugali kwa sato, miaka na miaka. Mimi na wadogo zangu tumesoma kwa hiyo sufuria.

Wapishi walipotakiwa kupisha ujenzi, yeye alihamia Kisesa, na tangu hapo hakutaka hata kulisikia lile eneo. Ukimgusia anabadilisha mada. Nyumbani tulijua ni uchungu wa kuondolewa, basi tukamwacha.

Sasa juzijuzi alikuja kwangu Mkolani kwa ajili ya clinic ya macho. Siku hiyo tulimaliza mapema, saa nne asubuhi tupo huru. Nikamwambia, mama, twende ukaone palivyo siku hizi. Nilitegemea agome.

Akaniuliza kitu kimoja tu, kama lile jiwe kubwa wameliacha.

Nikamwambia sijawahi kuangalia. Akasema twende.

Wakuu, nilijiandaa kumbembeleza mtu analia. Badala yake bi mkubwa alitembea kama mkaguzi wa mradi. Maji ya vyoo yanaelekea wapi? Magugu maji yakija na upepo nani anayatoa? Kwenye tangi la samaki alimsimamisha dada wa zamu amweleze yule sato anakula nini. Alipoambiwa ni chakula cha kununua, akamtazama yule samaki kwa huruma kabisa.

Na akataka kujua kwa nini watu wanakuja ziwani halafu wanapiga picha wakiwa wameligeuzia ziwa mgongo. Mwenye jibu anisaidie.

Jiwe tulilikuta. Wamelizungushia mnyororo na taa.

Mama akaliegemea kwa mgongo, akakaa hivyo kama dakika nzima. Kisha akaanza kupiga hatua kuelekea majini huku akizihesabu kwa Kisukuma. Mimi nyuma nimebeba mkoba wake, watu wanatushangaa. Akanyoosha hadi ndani ya duka la miwani.

Dada wa dukani akatukaribisha vizuri tu. Mama akaitikia, akaenda katikati ya duka, akainamisha kichwa kuangalia vigae.

"Hapa ndipo nilipokuzalia," akasema.

Nikacheka. Cheti changu kimeandikwa hospitali, na miaka yote najua hivyo. Yeye hakucheka.

Akanieleza pale pale tumesimama. Kwamba alikuwa anageuza samaki kwenye mafuta, uchungu ukamshika ghafla, na mvua iliyokuwa inanyesha siku hiyo ilikuwa imefanya barabara mto. Hakuna gari lililopita. (Kwetu Mabula ni jina la mtoto wa mvua, na mimi ndilo jina langu. Sikuwahi kuuliza hiyo mvua ilinikuta wapi.)

Aliyenipokea ni mpishi wa kibanda cha jirani, Mama Nyanzala. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na familia ya Kihindi yenye duka la nyavu, na mama wa familia hiyo akavuka kwenye mvua na shuka jipya na birika la maji ya moto. Hospitali tulipelekwa kesho yake, wakaandika walichoona.

Yule dada wa dukani alikuwa ameacha kufuta vioo. Akamsogezea mama kiti bila kuulizwa.

Mimi nikauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Huyo Mama Nyanzala yuko wapi?

Mama akakaa kwanza kwenye kile kiti.

Ndipo ukweli wote ukatoka. Kumbe kilichomfanya asirudi pale si ujenzi. Siku za kuhama, wapishi walikubaliana wakatae kwa pamoja mpaka wapewe sehemu nzuri. Mama Nyanzala akakubali kuhama kabla ya wenzake, alikuwa na mtoto mgonjwa na hakuweza kusubiri. Mama akamwita msaliti mbele ya watu. Akamwambia asikanyage kwake hata kwenye msiba.

Baadaye baba alifariki. Mama Nyanzala hakuonekana.

Lile duka la nyavu bado lipo, wakuu, tukavuka barabara kwenda. Anayeliendesha sasa ni mtoto wa yule mama wa shuka, naye ni mzee tayari. Alimtambua mama kwa sauti kabla hata hajamwona vizuri. Akatuambia mama yake ameshatangulia, mama akampa pole ndefu kwa kumshika mikono yote miwili.

Nikamuuliza kuhusu Mama Nyanzala. Akasema huja kununua uzi mgumu wa kushonea mabegi. Anaishi kwa binti yake, Mkolani.

Mkolani hiyo hiyo ninayoishi mimi.

Njia nzima ya kurudi mama alikuwa anasema muda umepita, tumwache mwenzetu apumzike. Sikubishana naye. Asubuhi nimeamka nikamkuta amevaa kitenge chake cha kanisani, amekaa karibu na mlango. Akaniambia twende kabla hajaghairi.

Tuliuliza uliza mpaka tukafika. Bibi mmoja mwembamba yuko kibarazani na cherehani. Mama akapiga hodi, kisha akasimama pale pale kwenye ua, hasogei.

"Nilikukataza msiba wangu," akasema. "Nimekuja kukwambia nilikosea."

Mama Nyanzala alimaliza kwanza mshono aliokuwa anaushona.

"Nilikuja," akajibu. "Nilikaa kwenye kibanda kule Kisesa, ng'ambo ya barabara na nyumba yako, mpaka mkarudi kutoka makaburini. Sikutaka kulivunja neno lako."

Mama akakaa chini kwenye mchanga, na kitenge chake. Mwenzake akashuka kibarazani taratibu, akaenda kukaa naye hapo hapo. Mimi nikageuka nikawa naangalia kuku wa watu.

Baadaye nikaitwa. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanikagua toka miguuni hadi kichwani, akaniambia nilitoka kimya kabisa na ilibidi anichape makofi mawili ndipo nikalia.

Mimi nina watoto watatu, wakuu, na nilikuwa sijui kwamba kuna mtu wa kumshukuru kwa mimi kuwa hai. Nimepita karibu na kile kibaraza mara ngapi?

Nilichojifunza ni hiki. Mzazi akikataa kuongelea mahali fulani, usijipe jibu mwenyewe kama sisi tulivyofanya. Mpeleke. Muulize mkiwa mmesimama hapo hapo, na mfanye hivyo wahusika wakiwa bado hai.

Naomba kusikia kwenu, hasa wa Mwanza. Nani humu mzazi wake alifanya kazi pale mwaloni kabla ya maduka? Alikuwa anauza nini, na wenzake wako wapi leo? Andikeni hata majina tu. Mama yuko bado kwangu, jioni namsomea comments, na Mama Nyanzala naye huwa anakuja kusikiliza.